Mzee Anaponyamaza

Kipindi cha kusikiliza kwa pamoja – Ggaba, Kampala
Muda: dakika 25
Wasikilizaji: familia za wakimbizi na wenyeji, walezi wa wazee, viongozi wa jamii
Lengo: Mwisho wa kipindi, msikilizaji aweze kutambua dalili za mzee aliyetelekezwa au anayenyanyaswa mahali anapolelewa, na ajue hatua za kuchukua.
Sauti: MTANGAZAJI. Katika mchezo mfupi: KOKO, MJUKUU, MLEZI.

(MUZIKI WA UTAMBULISHO UNAPANDA, KISHA UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Jambo mama uliye sokoni Ggaba unapanga nyanya zako. Jambo baba uliye mwaloni unangoja mitumbwi irudi na mukene. Jambo kijana wa boda boda uliye steji. Na jambo kwenu wazee wetu, mnaotusikiliza mkiwa mmekaa mlangoni au mmelala kitandani. Kipindi cha leo ni chenu.

Leo tunazungumza juu ya wazee wanaolelewa na watu wengine. Mzee amepelekwa kwenye makao ya wazee, au ameachwa na mtu anayelipwa kumtunza. Tunajuaje kama anatunzwa vizuri? Tunajuaje kama analala na njaa, kama anapigwa, kama anakula pesa yake mtu mwingine? Na tukishajua, tunakwenda wapi?

(MUZIKI KWA SEKUNDE TANO.)

SEHEMU YA KWANZA: KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

MTANGAZAJI: Kuna msikilizaji atasema: "Sisi Waafrika hatupeleki wazazi wetu kwenye makao. Hayo ni mambo ya Wazungu." Ni kweli kwamba hapa Uganda makao ya wazee ni machache, na wazee wengi wanaishi na watoto au wajukuu wao. Lakini makao yapo, na si ya jana. Hapa Kampala, kule Nalukolongo, kuna makao ya Bakateyamba yaliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, yanayotunzwa na masista wa Good Samaritan. Papa Francis aliyatembelea tarehe 28 Novemba 2015. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania, utakuta makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge pale Kigamboni. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo.

Na sisi wakimbizi tunaoishi mjini tuna hali yetu. Vita vimetawanya watoto. Mzee amefika Kampala na mjukuu mmoja tu, na mjukuu huyo lazima aondoke alfajiri kutafuta kazi. Hapa mjini hatupati mgao wa chakula kama ndugu zetu walio kambini, kwa hiyo asiyefanya kazi hali. Mzee anabaki na jirani anayelipwa kidogo. Au familia imepata safari ya kwenda Marekani, Canada au Australia, na jina la mzee halikuwa kwenye karatasi zao. Wanamwachia mtu kwenye mzigo mmoja wa kupanga, wanatuma pesa kwa simu kila mwezi. Au kuna mama mwenye nyumba kubwa kidogo, anapokea wazee watatu au wanne wa watu mbalimbali.

Kwa hiyo leo nikisema "makao", usifikirie tu jumba lenye geti na kibao. Nina maana ya mahali popote ambapo mzee analala mikononi mwa mtu ambaye si wa tumbo lake, na wewe ndugu yake hauko hapo usiku.

Na tuelewane jambo moja mapema. Kumpeleka mzee mahali pa kutunzwa siyo laana. Kuna mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe, na kumfungia peke yake ndani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni ni hatari zaidi kuliko kumpeleka kwa watu wanaoweza kazi hiyo. Ubaya unaanza pale unapompeleka halafu ukaacha kuangalia.

SEHEMU YA PILI: KUTELEKEZA NI NINI, KUNYANYASA NI NINI

MTANGAZAJI: Kutelekeza ni kumnyima mzee kile anachohitaji ili aishi vizuri: chakula, maji, usafi, dawa, kugeuzwa, kusemeshwa. Hakuna anayempiga. Ameachwa tu. Kunyanyasa ni kumfanyia ubaya: kumpiga, kumfunga kamba kitandani, kumtukana, kumtisha, kumshika kwa nia ya ngono, kula pesa yake.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, walio katika jamii, amefanyiwa aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka mmoja. Kwenye makao, hali ni nzito zaidi. Wafanyakazi wenyewe walipoulizwa, 2 kati ya 3 walikubali kwamba katika mwaka uliopita wamewahi kumfanyia mzee ubaya. Na shirika hilo linakadiria kwamba ni kisa 1 tu kati ya 24 kinachofika kwa wahusika. Visa vingine 23 vinabaki ndani ya kuta nne.

Kwa nini mzee hasemi? Kwanza, anaogopa. Wewe utaondoka, yeye atabaki na yule yule anayemlisha. Pili, ana aibu. Baba aliyekuwa akiheshimiwa na kijiji kizima atasemaje kwamba kijana wa miaka 20 amempiga kofi? Tatu, hataki kukusumbua, kwa sababu anajua unahangaika na kodi ya nyumba. Nne, na hili ni la kwetu hasa, lugha. Mzee anajua Kishi, Kifuliru au Kinyarwanda tu. Walezi wanaongea Kiluganda. Hata akilia, hakuna anayeelewa analia nini.

Kwa hiyo usingoje mzee aseme. Jifunze kuangalia.

(MUZIKI KWA SEKUNDE TANO.)

SEHEMU YA TATU: DALILI

MTANGAZAJI: Tuanze na mwili.

Vidonda vya kulalia. Mzee akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake unakandamiza ngozi kati ya mfupa na godoro. Damu haifiki, na nyama inaanza kufa. Mahali pa kuangalia ni visigino, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo juu ya makalio, viwiko, na nyuma ya kichwa. Vitabu vingi vinasema utaona wekundu. Lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Wewe tafuta mahali palipokuwa peusi kuliko pengine, penye joto, pagumu au pateketeke unapogusa, au mahali ambapo mzee anashtuka ukimgusa. Hicho ni kidonda kinachokuja. Kikishafunguka na kutoa harufu, mzee anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee asiyeweza kujigeuza, akiwa kitandani, kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mto unawekwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Usisugue kwa nguvu mahali palipoanza kubadilika, na usimkalishe juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati, maana unazuia damu zaidi. Ukiuliza mlezi, "Mnamgeuza saa ngapi?" na yeye akakuangalia tu, umeshapata jibu.

Kukonda. Angalia pete kidoleni, mkanda wa suruali, kitenge kinavyozunguka kiuno. Muulize mlezi mzee alikula nini jana, kisha muulize mzee naye. Angalia kinywa. Meno ya bandia yapo? Mzee asiye na meno akipewa posho kavu na maharagwe magumu, sahani itarudi imejaa, na mlezi atasema "amekataa kula."

Maji. Midomo iliyokauka na kupasuka, ulimi mkavu, mkojo mchache wenye rangi ya chai, kizunguzungu. Watu wengine huvuta ngozi ya mkono kuona kama inarudi upesi. Kwa mzee njia hiyo inadanganya, kwa sababu ngozi ya uzee imelegea hata kama maji yapo. Angalia mdomo na mkojo. Kuna walezi wanaomnyima mzee maji jioni ili asikojoe kitandani. Huko ni kutelekeza, na kunaweza kumuua.

Usafi. Harufu ya mkojo inayokupokea mlangoni kila unapofika, kucha ndefu, nywele zilizoshikamana, nguo ile ile ya wiki iliyopita, pampasi iliyojaa mpaka imelegea. Ajali ya mara moja inaweza kutokea kwa yeyote. Angalia kinachorudiarudia.

Michubuko. Hapa tuwe waangalifu, tusije tukamsingizia mtu. Ngozi ya mzee ni nyembamba na inavilia damu kwa urahisi, hasa akitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Alama moja kwenye mguu inaweza kuwa alijigonga kwenye kiti. Lakini alama za vidole kwenye mikono ya juu, alama zinazozunguka vifundo vya mikono miwili, alama shingoni, sikioni, mgongoni au ndani ya mapaja, hizo hazitokani na kiti. Na sikiliza maelezo. Mlezi wa asubuhi anasema alianguka chooni, wa jioni anasema alianguka kitandani, na mzee mwenyewe anaangalia chini.

Sasa tabia. Mzee aliyekuwa anapenda hadithi amekuwa kimya. Anashtuka mtu akiinua mkono. Anaacha kuongea mlezi anapoingia. Anakuomba "nipeleke nyumbani" na hataki kusema kwa nini.

Angalia pia usingizi. Ukifika asubuhi analala, ukifika jioni analala, ulimi mzito, mate yanamtoka, uliza anapewa dawa gani. Kuna mahali wanawapa wazee dawa za usingizi kama diazepamu ili wasisumbue, na hakuna daktari aliyeziandika. Lakini jua pia kwamba mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, anaweza kuwa na malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji. Mpeleke apimwe kwanza. Mlezi anayesema "ni uzee tu" bila kumpima mzee, naye anatelekeza.

Mwisho, pesa. Nani ana simu ya mzee? Nani anajua namba yake ya siri ya mobile money? Vitambulisho vyake viko wapi? Kwa raia wa Uganda wenye umri mkubwa, serikali inatoa pesa kidogo kupitia mpango wa SAGE. Kuna wazee wanaochukuliwa kwa gari siku ya malipo, wanapiga kidole gumba, kisha pesa hiyo hawaioni tena. Kwa mkimbizi, pesa inatoka kwa mtoto aliye ng'ambo, na karatasi yake ya familia ya ukimbizi ikishikwa na mtu mwingine, mzee amefungwa hata bila kamba.

(MUZIKI. UNASHUKA TARATIBU.)

MCHEZO MFUPI

(SAUTI: MLANGO WA BATI UNAGONGWA, UNAFUNGULIWA.)

MJUKUU: Jambo, mama mlezi. Nimekuja kumwona Koko.

MLEZI: Karibu, karibu. Lakini ungepiga simu kwanza! Koko amelala.

MJUKUU: Nitakaa karibu naye mpaka aamke. (ANAKARIBIA) Koko, jambo. Ni mimi.

KOKO: (SAUTI DHAIFU) Ah, mwanangu. Umekuja.

MLEZI: Koko yuko vizuri kabisa. Si ndiyo, Koko? Anakula vizuri, analala vizuri. Sema, Koko.

KOKO: (KIMYA KIDOGO) Ndiyo. Vizuri.

MJUKUU: Asante, mama. Tafadhali nisaidie kikombe cha maji. Na tuache kidogo, nataka kumpa habari za nyumbani.

MLEZI: (ANASITA) Maji… Haya.

(SAUTI: HATUA ZINAONDOKA.)

MJUKUU: (SAUTI YA CHINI) Koko, nitaangalia miguu yako, nikupake mafuta. Sawa?

KOKO: Pole pole. Huo wa kushoto unauma.

MJUKUU: Kisigino hiki tangu lini, Koko?

KOKO: Usimgombeze. Ukiondoka nitabaki naye.

MJUKUU: Sitamgombeza. Nitakaa hapa leo mpaka tupate mahali pa kukutibu. Siondoki bila wewe.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, umeona mjukuu huyu alivyofanya. Hakupiga kelele. Hakupiga simu kabla ya kuja. Aliomba kubaki peke yake na Koko. Aligusa miguu kwa njia ya heshima, kwa kupaka mafuta. Na alipopata kidonda hakuondoka akamwacha Koko na mtu anayemwogopa. Koko alipojibu "vizuri" mbele ya mlezi, neno hilo lilikuwa la mlezi.

SEHEMU YA NNE: KWA NINI INATOKEA

MTANGAZAJI: Mwaka 2016, huko Gauteng, Afrika Kusini, serikali ya jimbo iliwaondoa watu wenye magonjwa ya akili kutoka hospitali za Life Esidimeni ili kupunguza gharama, ikawagawa kwa mashirika madogo. Watu 144 walikufa. Taarifa ya msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, ya Februari 2017, ilisema mashirika yote 27 yaliyowapokea yalikuwa na leseni zisizo halali. Ilieleza njaa, kiu na baridi. Familia nyingine hazikuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi. Mwaka 2018 Jaji Dikgang Moseneke aliamua familia zilipwe fidia.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2023, waandishi wa BBC Africa Eye waliingia na kamera ya siri katika makao ya wazee nje kidogo ya Nairobi, wakaonyesha wazee wakipigwa na kukosa matibabu. Mahali hapo palikuwa na jina zuri mbele ya watu.

Ukiyaangalia mambo haya mawili, utaona sababu zinazofanana. Walezi wachache kwa wazee wengi. Watu wasiofundishwa kazi. Hakuna daftari la kuandika nani amekula, nani amepewa dawa. Milango imefungwa kwa wageni. Na mkubwa zaidi ya yote, hakuna mtu wa nje anayekuja bila kutarajiwa.

Na lazima tuseme ukweli juu ya mlezi pia. Mara nyingi ni dada wa miaka 19, analala chini sakafuni, anainua watu wazito peke yake, mshahara wake umechelewa miezi miwili. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anamwita mwizi mara kumi kwa siku. Siku moja mkono wake unainuka. Kumpiga mzee ni kosa, hatulisafishi. Lakini ukitaka lisitokee, usimwache mlezi mmoja peke yake saa 24. Mpe siku ya kupumzika. Mlipe kwa wakati. Mwonyeshe namna ya kumwinua mzee bila kuvunja mgongo wake. Akikuambia "nimechoka, nakaribia kukasirika," mshukuru, na utafute wa kumpokea.

SEHEMU YA TANO: KUZUIA KABLA HALIJATOKEA

MTANGAZAJI: Kabla hujamwacha mzee mahali popote, uliza maswali haya.

Moja: mahali hapa pamesajiliwa wapi? Omba kuona karatasi. Kama ni nyumba ya mtu binafsi, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa eneo hilo, muulize kama anaijua.

Mbili: usiku wanabaki walezi wangapi, kwa wazee wangapi?

Tatu: naweza kuja saa yoyote? Mahali panaposema "wageni ni Jumapili saa nane tu, na upige simu kwanza" panahitaji kuangaliwa mara mbili.

Nne: mzee akiugua usiku mnampeleka wapi, na nani analipa boda au gari?

Tano: kuna mtu hapa anayeongea lugha yake? Kama hakuna, waandikie maneno kumi kwenye karatasi na ubandike ukutani: maji, choo, njaa, inauma, baridi, joto, nigeuze, dawa, simu, nimwite mtoto wangu.

Tembea ndani. Ingia jikoni. Ingia chooni, uone kama kuna mahali pa kujishika. Angalia wazee wengine waliopo, nyuso zao na miguu yao. Salimia mmoja na ukae naye kidogo.

Siku unayomwacha, andika hali yake: uzito kama mizani ipo, dawa zake na saa zake, alama zozote mwilini. Piga picha kwa ruhusa yake, na uitunze kwa siri. Vitambulisho vya asili baki navyo wewe au mtu wa familia unayemwamini. Makao yapewe nakala.

Kisha tembelea. Badilisha saa. Leo asubuhi, wiki ijayo wakati wa chakula cha jioni. Kama wewe ni mtu wa kanisa au msikiti, panga zamu na wenzako, mmoja Jumanne, mwingine Ijumaa. Mzee anayetembelewa na watu wengi anaogopwa na mwenye nia mbaya.

Na wewe ndugu yetu unayesikiliza kutoka ng'ambo, au uliyerekodiwa kipindi hiki na kutumiwa kwenye simu: pesa unayotuma ni msaada mkubwa, lakini pesa haioni kisigino. Ukipiga simu ya video, usiridhike na uso tu. Omba uonyeshwe kitanda, miguu, sahani ya leo. Ongea na mzee kwa lugha ya nyumbani. Panga naye neno la siri mapema, neno la kawaida kama jina la mto wa kwenu. Akilitaja, ujue anahitaji msaada. Na tafuta mtu wa pili hapa Ggaba, ambaye halipwi na mlezi, wa kupita bila taarifa. Pesa ya matunzo na macho ya kuangalia visikae kwa mtu mmoja.

SEHEMU YA SITA: UKISHUKU, UFANYE NINI

MTANGAZAJI: Hatua ya kwanza, usalama wa mzee. Kama ana jeraha, hajitambui, au maisha yake yako hatarini, mwondoe, mpeleke hospitali. Kwa upande huu wetu wa Makindye, Hospitali ya Kiruddu iko karibu. Polisi wanapatikana kwa namba 999 au 112, bila malipo.

Hatua ya pili, andika. Tarehe, saa, ulichoona kwa macho yako, maneno ya mzee kama alivyoyasema. Usiongeze chumvi. Kama kuna majeraha, polisi wanatoa fomu iitwayo PF3 ambayo mganga anaijaza. Kama umeshuku mambo ya ngono, usimwogeshe mzee wala kufua nguo zake kabla hajaonwa na mganga. Ni vigumu, lakini hayo ndiyo ushahidi.

Hatua ya tatu, muulize mzee anataka nini. Ni mtu mzima. Uzee haujamwondolea neno lake. Kama akili yake iko sawa, usiamue kila kitu juu ya kichwa chake.

Hatua ya nne, peleka habari. Unaweza kuanza kwa mwenyekiti wa LC1. Unaweza kwenda kituo cha polisi na kuuliza kitengo cha familia na watoto. Unaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa divisheni ya Makindye. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda inapokea malalamiko pia. Kama wewe ni mkimbizi, waambie wafanyakazi wa ulinzi wa UNHCR au shirika linaloshughulikia wakimbizi wa mjini. Usiogope kwamba kushtaki kutaharibu faili yako. Kulinda mzee wako siyo kosa.

Na sheria ipo. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 24, inakataza kumtendea mtu yeyote kikatili au kwa kumdhalilisha. Imesema "mtu yeyote". Haikusema raia tu. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inahesabu ukatili wa mwili, wa ngono, wa kumuumiza mtu moyoni, na wa kumnyima au kumlia mali yake. Na mwaka 2013 Uganda ilipitisha sheria ya Baraza la Taifa la Wazee, inayowapa wazee wawakilishi wao. Muulize LC1 mwakilishi wa wazee wa eneo lenu ni nani. Mzee mwenzako atakusikiliza kwa namna tofauti na askari.

Jambo moja la kuepuka: usimgombeze mlezi mbele ya mzee kisha ukaondoka ukamwacha hapo. Ukifanya hivyo, hasira yote itamshukia yeye usiku.

(MUZIKI KWA SEKUNDE TANO.)

KUMBUKUMBU YA KIPINDI

MTANGAZAJI: Tukumbuke mambo matano. Angalia visigino, kinywa na mkojo. Omba kukaa peke yako na mzee. Fika bila kutangaza. Tenganisha anayetunza na anayeangalia. Ukishuku, linda mzee kwanza, andika, kisha sema.

Tarehe 15 Juni kila mwaka, Umoja wa Mataifa umeiweka kuwa siku ya kukumbuka unyanyasaji wa wazee. Lakini mzee wa jirani yako hawezi kungoja Juni. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi nasi tusikubali wazee wenyewe waharibikiwe mikononi mwetu.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI
1. Katika mtaa wetu, ni mzee gani ambaye hatujamwona nje kwa wiki mbili? Nani atapita kwake leo?
2. Ni maneno gani kumi ya lugha ya mzee wetu ambayo mlezi wake anapaswa kuyajua?
3. Mlezi akichoka, anaweza kumwambia nani bila kuogopa kufukuzwa?
4. Kikundi chetu kinaweza kupanga zamu gani za kutembelea?

Kwa kiongozi wa kikundi: usimtaje mzee wala mlezi kwa jina mbele ya watu. Mtu akileta kisa halisi, zungumza naye pembeni baada ya kipindi, na umsindikize kwa wahusika.

MTANGAZAJI: Kabla giza halijaingia, pita kwa mzee mmoja. Mpelekee kikombe cha maji, na ukae mpaka amalize. Kwaheri ya kuonana.

(MUZIKI WA UTAMBULISHO UNAPANDA HADI MWISHO.)